Prosesa Tosha

Ukiingia duka la laptopu za ex-UK katikati ya Nairobi, iwe Luthuli ama Moi Avenue, kuna swali utaulizwa kabla hujasema unafanya kazi gani: "Unataka i5 ama i7?" Linaulizwa vile mhudumu wa hoteli anauliza kama unataka chai ya maziwa ama ya rangi. Na wengi wetu tunajibu tukiangalia mfuko. Pesa zikifika, i7. Zisipofika, i5, na tunatoka dukani na kahuzuni fulani, kana kwamba kuna mtihani tumefeli.

Naona swali hilo ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi. Simaanishi kwamba kuna prosesa takatifu na nyingine ya dhambi. Namaanisha kwamba kuchagua prosesa ni kupima vitu vitatu vinavyovutana, yaani kasi, joto na muda wa betri, na kati ya hivyo vitatu ni kimoja tu ambacho watu wengine hukiona. Kasi ina namba, ina stika, ina jina la kutaja mbele ya marafiki. Joto linajulikana na mapaja yako. Betri unaijua wewe peke yako, saa kumi jioni, soketi zote za kafe zikiwa zimeshikwa. Kwa nini basi tunalipia kile kinachoonekana, halafu tunaenda kuishi na vile visivyoonekana?

Tuanze na jambo lisilo na ubishi. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Prosesa haizungushi gurudumu wala haiinui mzigo. Inahesabu, na hesabu ikiisha kinachobaki ni jibu na joto. Kwa hivyo joto na betri si matatizo mawili. Ni bili moja inayotumwa kwa anwani mbili.

Tuseme betri yako inabeba wati-saa 50. Ukiwa unaandika tu, na laptopu nzima inakula wati 5, una saa kumi. Ukianza kuediti video ikala wati 25, una saa mbili, na feni inalia kama matatu inayopanda mlima. Betri ni ile ile, mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni unachoiitisha.

Na bili hiyo haipandi kwa adabu. Prosesa ikitaka kukimbia zaidi huhitaji volti zaidi, na umeme inaoula kwa kazi hiyo hufuata kasi, mara volti, mara volti tena. Pandisha kasi kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 20, na matumizi yatapanda kwa karibu asilimia 73. Shusha vyote viwili kwa asilimia 20, na matumizi yatashuka hadi karibu nusu. Hebu soma hapo tena. Ukikubali kungoja kidogo, unarudishiwa karibu nusu ya joto. Kipande cha mwisho cha kasi ndicho ghali kuliko vyote, na ndicho kinachopigiwa debe.

Kuna wakati wahandisi hawakuhitaji kuumiza kichwa hivi. Mwaka 1974, Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukiipunguza transista ukubwa, unaweza kuipunguzia volti pia, hivyo unajaza transista nyingi zaidi mahali pale pale bila joto kuzidi. Kwa miaka 30 hivi, kila kizazi cha chipu kilikuja na kasi mpya ambayo haikuumiza sana. Ulichohitaji ni kusubiri. Katikati ya miaka ya 2000 mambo yakagoma. Transista ziliendelea kuwa ndogo, lakini volti ikakataa kushuka kwa mwendo ule wa zamani, kwa sababu umeme ulikuwa umeanza kuvuja hata pale transista ilipofaa kuwa imezimwa. Mei 2004, Intel iliachana na prosesa iliyokuwa ikiitwa Tejas, joto likiwa sababu kubwa, na nguvu zikahamia kwenye kuweka viini vingi ndani ya chipu moja badala ya kukimbiza kiini kimoja hadi kichemke. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Laptopu inataka kushika tatu.

Sasa turudi kwenye i5 na i7. Kwenye meza za maduka yetu utapata HP EliteBook 840 G3 yenye i7-6600U, chipu ya mwaka 2015. Kando yake kuna 840 G5 yenye i5-8250U, ya mwaka 2017. Zote mbili zimepangiwa wati 15. Ile i7 ina viini viwili. Ile i5 ina vinne. Kwa kazi inayoweza kugawanywa, kama kubadilisha video kutoka muundo mmoja hadi mwingine, "mdogo" anamshinda "mkubwa" vizuri tu. Mwenye duka akikuambia "i7 ni i7 bana", anakuuzia cheo bila kukuambia mwenye cheo alizaliwa lini.

Hata ndani ya kizazi kimoja namba inahitaji kusomwa polepole. Chukua i7-8550U. Imeandikiwa kasi ya juu ya gigahezi 4.0, na kasi ya msingi ya gigahezi 1.8. Ile ya juu ni ya kuruka mara moja, mwili ukiwa baridi. Kazi ikiendelea na joto likipanda, mashine inashuka hadi pale feni yake na wembamba wa kasha lake vinaporuhusu. Kitakachoamua utapata gigahezi ngapi dakika ya 20 ni shaba, hewa na nafasi, na hivyo havina stika.

Sisi Wakenya tunafaa kulielewa hili kuliko watu wengi. Septemba 2021 pale Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Hiyo ni wastani wa kama kilomita 37 kwa saa. Oktoba 2019 jijini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, wastani wa kama kilomita 21 kwa saa. Hakuna mtu mwenye akili zake atasema Kipchoge ni nusu ya Omanyala. Tunajua ni mbio tofauti. Lakini tukifika dukani tunasahau, tunanunua mwanariadha wa marathoni kwa kumtazama hatua zake kumi za kwanza.

Na hapa ndipo maadili yanaingia, kwa sababu hakuna aliyedanganya. Gigahezi 4.0 ni kweli. Inafika huko. Ni ukweli uliochaguliwa kati ya kweli nyingi kwa sababu huo ndio unauza. Tumezoea kufikiri kwamba kinyume cha ukweli ni uongo, na kwamba mtu asiyesema uongo ameshatimiza wajibu wake. Stika ya laptopu inaonyesha kwamba haitoshi. Unaweza kumpotosha mtu kwa namba sahihi kabisa, bora uchague namba inayojibu swali ambalo hakuuliza. Yeye anauliza, "Itanifikisha jioni?" Wewe unamjibu, "Inaruka juu sana."

Hata wanaonunua za bei ya juu hawajaepuka. Mwaka 2018 Apple ilitoa MacBook Pro yenye i9 ya viini sita, kasi ya juu gigahezi 4.8, ya msingi 2.9. Julai ya mwaka huo ilionekana kwamba ikipewa kazi nzito inashuka hata chini ya ile ya msingi. Apple ikasema kuna kitu kilikosekana kwenye programu ya kusimamia joto, ikaomba radhi na kutoa marekebisho. Pesa zinaweza kununua chipu kubwa zaidi. Haziwezi kuibishia fizikia ndani ya kasha jembamba.

Lakini nisije nikahubiri upole wa konokono. Ile kasi ya kuruka ina utetezi wake, na utetezi huo ni mzuri. Kazi nyingi za kila siku ni za kuruka: kufungua faili, kupakia ukurasa, kutafuta neno. Prosesa inaamka, inamaliza ndani ya kufumba na kufumbua, inarudi kulala. Na kwa sababu ikilala haili karibu chochote, kuna wakati kumaliza haraka kunahifadhi betri kuliko kujikokota. Kwa mtu anayeandika barua pepe na kuitikia Zoom mara mbili kwa wiki, ile ruka-lala ndiyo maisha yenyewe. Kwa anayekaa saa tatu akitengeneza video za harusi, ni mapambo. Kwa hivyo somo si kwamba polepole ni bora. Somo ni kwamba hakuna prosesa nzuri hadi useme siku yako inafananaje.

Na kusema siku yako inafananaje, bila kujipendelea, ni kazi ngumu kuliko kusoma namba. Wengi wetu hatununui laptopu ya mtu tuliye. Tunamnunulia mtu fulani atakayekuja: ataediti filamu, atatengeneza muziki, atajifunza kuandika programu. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, Reasons and Persons, alitoa hoja kwamba uhusiano wetu na nafsi zetu za baadaye unaweza kuwa dhaifu kuliko tunavyodhani, hadi kuwe na maana kumfikiria yule wa baadaye karibu kama mtu mwingine. Ukilichukua wazo hilo hadi dukani linauma. Yule wa kesho anapewa mashine. Yule wa leo anabeba uzito wake begini, anaungua mapaja, na anatafuta soketi kila baada ya saa mbili. Nani alimuuliza?

Kuna jibu kali kwa hoja hiyo, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu linanihusu. Mimi sikumaliza chuo. Naishi kwa vibarua vya mtandaoni, na kwa watu wa aina yangu laptopu ndiyo cheti, ndiyo duka, ndiyo ofisi. Ukimwambia mtu kama huyo anunue ya siku aliyonayo, si unamfungia kwenye siku hiyo? Tajiri hakuna anayemwambia atosheke. Ushauri wa kuridhika kwa kawaida huteremka kutoka juu kwenda chini, na wanaoutoa huwa wameshiba.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Matumaini ni sababu halali ya kununua kitu. Lakini kuna matumaini yenye tarehe na matumaini ya kupigia picha. Kama yule mtu wa kesho ameshapata mteja wa kwanza, au amejiandikisha darasa linaloanza mwezi ujao, mnunulie mashine yake na umvumilie joto lake. Kama hana hata Jumatatu aliyoipanga, si haki kumtoza yule wa leo kodi ya kila siku kwa ajili yake.

Na nusu nyingine ya hoja naikataa kwa msaada wa Kiswahili chenyewe. Lugha yetu inatenganisha kutosha na kutosheka. Kutosheka ni hali ya moyo. Unaweza kumwambia mtu atosheke huku ana njaa, na hapo ndipo dhuluma hujificha. Kutosha si hisia. Ni uhusiano kati ya kitu na kazi yake, na unaweza kupimwa. Kiatu kinatosha ama hakitoshi. Hilo mguu utakuambia, hauhitaji mhubiri. Oktoba 2002 pale Uhuru Park, Raila Odinga alipotamka "Kibaki tosha", hakuwa anawaambia watu waridhike na kidogo. Alikuwa anasema mtu huyu anafaa kwa kazi iliyo mbele yetu. Ndiyo maana umati ulisikia neno hilo kama sifa. Naitaka prosesa kwa maana hiyo hiyo. Siombi mtu atosheke na i5. Nauliza ipi inatosha, na nakubali kwamba kwa wengine jibu litakuwa mashine ya wati 45 yenye feni mbili.

Tena historia ina mfano wa ufukara uliozaa kitu kikubwa. Mwaka 1985 huko Cambridge, Uingereza, kampuni ndogo iliyoitwa Acorn ilitengeneza chipu yake ya kwanza ya ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Walitaka ile chini ya wati moja, sababu kubwa ikiwa kwamba kasha la plastiki ni rahisi kuliko la kauri na lisingehimili joto kubwa. Walivuka lengo vibaya sana: ilikula takriban sehemu moja ya kumi ya wati. Wakati wa kuijaribu waligundua ilikuwa inafanya kazi hata kabla ya nyaya zake za umeme kuunganishwa sawasawa, ikijilisha na umeme mdogo uliopenya kupitia njia za mawasiliano. Uzao wa chipu hiyo ndio uko ndani ya karibu kila simu janja mtaani, na ndio uliomwezesha Apple, Novemba 2020, kutoa MacBook Air yenye M1 isiyo na feni hata moja. Wilson na Furber hawakutosheka na kidogo. Walijali bili ambayo wengine hawakuiangalia.

Bili hiyo, kwetu, ina sura ya mahali. Chipu nyingi za laptopu hujizuia zikikaribia nyuzi 100. Mombasa hewa ikiwa nyuzi 32, umebaki na nyuzi 68 za kuchezea. Nairobi siku ya nyuzi 22, una 78. Usifurahi sana, kwa sababu Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na feni ile ile inabeba joto kidogo zaidi kwa kila mzunguko kule pwani. Kila mji na ushuru wake. Na betri? Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Usiku kama huo gigahezi za kuruka ni hadithi. Kilicho chako ni saa zilizobaki.

Kwa hivyo, kama una hela na unataka kuamua, nakupa kipimo kisicho na falsafa. Ukiwa dukani, chomoa chaja. Fungua vitu unavyofungua siku ya kawaida, weka video iendelee, kaa dakika 20. Angalia betri imeshuka asilimia ngapi. Weka kiganja chini ya kasha. Na kama tayari unayo mashine inayochemka, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, na kama inakuonyesha kiwango cha juu cha prosesa, kishushe kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye laptopu nyingi za Intel, hiyo asilimia moja huzima ule mruko. Utashangaa ni mara ngapi hutaukumbuka.

Walimu wetu walijaribu kutufundisha kuiita kipakatalishi, tukacheka. Lakini neno hilo linajua kitu. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na huwezi kumpakata mtoto mwenye homa usijue ana homa.

Najua ungetarajia nimalizie kwa kusema kwamba sisi pia ni prosesa, na kwamba vijana wa siku hizi tunachemka. Mfano huo unaharibika mahali pamoja muhimu. Chipu imejengewa breki. Ikikaribia kiwango chake inapunguza mwendo yenyewe, hata kama mteja anasubiri, hata kama imeahidiwa gigahezi 4.8. Haioni aibu. Sisi hatuna breki kama hiyo. Tuna mteja wa saa tisa usiku anayekusifu kwa kujibu saa tisa usiku, na sifa hiyo ndiyo stika yetu, namba ya kuruka ambayo watu wanaiona. Kile kinachobaki asubuhi hakuna anayekiuliza. Itabidi ujiulize mwenyewe, na ujijibu kwa namba ya dakika ya 20, si ya dakika ya kwanza.